Sauti ya Chini ya Saruji

Boga bin Alfani alikwenda vitani Bama, vita vya Mjapani, akarudi mzima, na kwa muda wa miaka mitano hapana mtu Msambweni aliyejua alifanya kazi gani huko. Alichimba vyoo. Hiyo ndiyo habari yote, na mimi siioni aibu yoyote ndani yake, maana jeshi lisilo na choo halina haja ya adui. Lakini yeye aliiona. Wenzake waliorudi walikuwa na mito waliyoivuka na risasi zilizowapita masikioni, na mmoja alikuwa na kovu ubavuni alilolifunua kwa kila aliyemnunulia kahawa. Boga alikuwa na viganja vya sugu tu, na nani atakaa kusikiliza viganja?

Ufundi wenyewe aliurithi. Babake, mzee Alfani, alikuwa mchimba visima, na Boga alikulia ndani ya mashimo, akijaza ndoo na kuitikia sauti zilizotoka juu. Aliujua udongo wa pwani hii, palipo na mchanga unaobomoka na palipo na mwamba wa matumbawe unaokula sururu mbili kabla ya kukupa pima moja. Jeshini afisa alimwuliza anajua kazi gani. Akasema anajua kuchimba, akapewa koleo. Bunduki aliishika siku za gwaride.

Wajapani waliposalimu amri, kambi yao ililetewa mateka kumi wa kusaidia kuchimba. Mmoja wao alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, na kabla ya vita alikuwa akifundisha watoto wadogo. Boga hakuliweza jina lake, akamwita Mwalimu. Walizungumza Kiingereza, cha Mwalimu kikichechemea na cha Boga kikitambaa, na pale kilipokwama walichora chini kwa kijiti. Walizoeana. Watu wawili wakichimba shimo moja ni lazima wazoeane, la sivyo mmoja atampiga mwenzake koleo.

Siku moja adhuhuri walikuwa wamemaliza shimo refu na kuliwekea sakafu ya saruji yenye matundu manne. Mwalimu aliyahesabu yale matundu, akalikwepa la nne. Boga akamwuliza kuna nini. Mwalimu akainua vidole vinne, kisha akapitisha kidole kimoja shingoni. Kwao, alisema, nne ni hesabu ya mauti. Halafu, wakiwa wameketi juu ya udongo uliofukuliwa, akamweleza habari ya choo cha shule yake.

Choo kile kilikuwa cha saruji, kina vyumba vinne. Mtoto akiingia cha nne akachutama, husikia sauti kutoka chini ikimwuliza kwa adabu kabisa: nikupe karatasi nyekundu, au karatasi ya buluu? Aliyesema nyekundu alikutwa ametapakaa damu mwili mzima. Aliyesema buluu alikutwa amenyonywa damu yote, uso umegeuka rangi.

"Wewe ulimwona huyo aliyekufa?" Boga aliuliza.

"Mimi sikumwona. Alikuwa wa shule nyingine."

"Shule gani?"

Mwalimu akatabasamu. "Nilikwenda kuuliza shule hiyo nyingine. Wakaniambia hapana, alikuwa wa shule nyingine."

Watoto wakakataa kwenda chooni, Mwalimu aliendelea. Walijibana mpaka wakajichafua darasani. Walimu walifoka, wakapiga, wakaapa kuwa ni uongo mtupu, na kila walipoapa, watoto walizidi kuamini. Mwisho wa yote dawa ililetwa na mtoto, na hapana aliyejua ni mtoto yupi. Alisema ukinyamaza, usitaje nyekundu wala buluu, ile sauti haina la kufanya. Basi wakaanza kwenda tena. "Sisi wakubwa wote tulishindwa," Mwalimu alisema, "mtoto mmoja akaweza."

Boga alipendezwa na ile damu. Ile dawa aliisikia kwa sikio moja.

Akarudi kwao, akarudi kwa mkewe Esha na binti yao Mbeyu, akachimba visima vya watu. Mwaka wa arubaini na nane, alasiri moja, alikuwa barazani kwa Abdurahman muuza kahawa. Watu walikuwa wengi, hata Kitsao alikuwapo, yule mnunuzi wa mbuzi wa Kinango ambaye hushuka pwani na habari na kupanda bara na habari zaidi. Yule mwenye kovu alikuwa amemaliza kulifunua kovu lake. Mtu mmoja akageuka akasema, "Na wewe Boga, huyo Mjapani ulimwona kwa macho, au ulisikia tu wenzio wakimtaja?" Watu wakacheka. Boga alisikia uso ukimwaka.

Hapa ndipo alipokosea, nami sitamfichia. Alisema, "Nyinyi mnazungumza habari za risasi. Mjapani ana jambo linaloua bila risasi." Watu wakageuka. Mbeyu, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama kizingitini na sinia la kashata za mamake. Sinia lilifunikwa kwa leso nyekundu. Boga akaona kuwa karatasi haitamtisha mtu ambaye hutumia maji chooni, basi akaivuta ile leso, akaipeperusha mbele yao, akasema kwa sauti ya chini, "Nikupe leso nyekundu, au leso ya buluu?"

Kahawa zilipoa mikononi. Alisimulia damu kwa kituo, akasimulia na uso uliogeuka rangi, na ile dawa akaiacha. Hakuisahau. Ilimfika mpaka ulimini, akaona kwamba akiitoa watu watashusha pumzi na kurudi kwenye makovu yao. Akaimeza. Kitsao alicheka mpaka akajishika mbavu, lakini alipotaka kwenda haja kabla ya safari, alivuka barabara akaingia kichakani, na choo cha Abdurahman kiko hatua kumi kutoka pale alipoketi.

Mwezi mzima Boga alikuwa mtu. Halafu ikaja habari nyingine, watu wakasahau, naye akasahau.

Miaka ya hamsini ilipoanza, serikali ikatoa amri kila nyumba iwe na choo, na Bwana Afya akawa anatafuta mtu wa kuwafundisha watu namna ya kuchimba na kumimina kifuniko cha saruji chenye tundu, maana miti huoza na saruji haiozi. Wakaulizwa watu wa Msambweni ni nani ajuaye mashimo, wakamtaja yeye. Boga akapewa shati la kaki na baiskeli. Kazi aliyoificha miaka yote sasa ilikuwa na shati. Aliipenda kazi ile kwa moyo wake wote. Alikuwa akisimama mbele ya watu wazima na kuwaeleza habari za minyoo na nzi bila haya, na choo alichokichimba yeye hakikubomoka hata masika ya mafuriko.

Mbeyu alipoolewa mwaka wa hamsini na tatu, na Suleiman, mkulima wa Chidzangoni, kitongoji kilicho ndani kidogo ukishika njia ya Kikoneni, Boga alimpa kitanda na vyombo kama baba yeyote, kisha akampa choo. Watu walimcheka. Alikwenda mwenyewe na sururu, akachimba pima tatu nyuma ya nyumba ya akina Suleiman, akakizungushia makuti, akamimina kifuniko, na saruji ilipokuwa bado mbichi akachora kwa msumari herufi ya kwanza ya jina lake pembeni. Watu wa Chidzangoni walikuja kukitazama, na kwa kuwa amri ni amri, kabla ya mwaka kuisha vikawa vyoo saba. Boga aliviandika vyote saba katika ripoti yake, akavihesabu kuwa ni ushindi, wala hakurudi kuvikagua.

Mtoto wa kwanza wa Mbeyu alikuwa msichana, Chiku. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anatembea kwa kuyumba na kumwita Boga "Babu Shimo" kila alipoletwa Msambweni, alipofariki kwa kuhara damu, siku chache baada ya Idi, masika ya mwaka wa hamsini na sita.

Boga alifika maziko yamekwisha. Alitoa mkono kwa wanaume, akapokea makiwa na kutoa makiwa, akakaa jamvini. Alipobanwa na haja aliinuka akachukua kopo la maji, akaenda nyuma ya nyumba kwenye choo chake. Akasukuma mlango. Ndani mlikuwa na mahindi ya gunzi, yamepangwa mpaka kiunoni. Juu ya kifuniko cha saruji, penye tundu lililozibwa kwa ubao, kuku alikuwa akiatamia mayai. Kuku alimtazama Boga, na Boga akamtazama kuku.

Alikwenda choo cha jirani akakuta kuni. Cha tatu kilikuwa na majembe. Vyote saba vilifagiwa, vilikuwa safi, na hapana kilichopata kutumiwa zaidi ya mwezi mmoja. Aliifuata njia nyembamba iliyoingia kichakani, akaona wanakokwenda watu wote, na akaona mteremko, na chini ya mteremko akaiona chemchemi wanakoteka maji. Mvua ilikuwa ikinyesha. Maji mekundu yalikuwa yakishuka polepole kutoka kichakani. Hapo alijua Chiku alikufa kwa nini, na hakuhitaji Bwana Afya kumweleza.

Alirudi amekasirika, na hasira ilimsaidia asilie. Alimkuta Bi Dama, mamake Suleiman, jikoni.

"Mkwe," Boga alisema, "niwie radhi kwa kuuliza siku kama hii. Kwa nini chooni mna kuku?"

Dama alikuwa mwanamke wa heshima, mwenye maneno machache. Alitazama mlangoni kwanza. "Mkwe, choo kina mwenyewe."

"Mwenyewe gani?"

"Jini wa saruji. Alikuja na mameli yanayoleta saruji. Vyoo vya miti hakai, vya zamani vile, lakini hivi vyenu vya saruji ndiyo nyumba yake. Ukichutama anakuuliza, nikupe leso nyekundu, au leso ya buluu. Ile nyekundu ina doa la mafuta penye pindo. Ukichagua nyekundu, damu. Ukichagua buluu, damu."

Boga alishika nguzo ya jiko. Lile doa alilijua. Lilikuwa la mafuta ya nazi, Esha aliliosha mara ngapi halikutoka, na ndiyo sababu ile leso ikafanywa ya kufunikia sinia.

"Nani aliyekufa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Msichana mmoja wa Kombani."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini mjomba wake anaitwa Randu, anajulikana." Kisha, alipoona Boga ameduwaa, akaongeza kwa upole, kama anayemfariji, "Lisemwalo lipo, mkwe. Na kama halipo, laja."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kitu kuhusu mjukuu wake.

Siku ya tatu, matanga yakiondolewa, Boga alisimama mbele ya wanaume wote akaungama. Aliwaambia kuwa hadithi ni yake, aliitoa Bama, aliisimulia Msambweni barazani, leso ni ya mkewe. Alisema yote isipokuwa jambo moja: kwamba mtoto waliyemzika juzi alikufa kwa sababu ya hadithi hiyo. Hilo halikutoka.

Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mzee mmoja akasema, "Boga, wewe ni mtu wa serikali. Serikali inataka tutumie vyoo. Sisi hatukulaumu, kila mtu ana mkate wake." Mwingine akauliza, ikiwa habari ni ya Mjapani, imekuwaje Randu wa Kombani afiwe na mpwa? Wa tatu akauliza kama kuna mtu anayeweza kuapa kwamba jini hakai mahali fulani, hali kila Mwislamu akiingia msalani humwomba Mungu amkinge na mashetani wa humo. Dua ile wameisoma tangu utoto kwa mashetani wa kwao. Huyu mgeni wa saruji nani ajuaye kama anaitambua? Suleiman, mkwewe, alimshika mkono akamkalisha. "Baba," alimwambia, "sote tumefiwa. Pumzika."

Mbeyu alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Hiyo mimba ndiyo iliyomkosesha Boga usingizi. Mtoto angezaliwa vuli, na masika ijayo angekuwa mchanga wa miezi mitano, mvua zingenyesha, kichaka kingeshuka chemchemini kama kilivyoshuka mwaka huu. Boga alikuwa na mpaka mwezi wa nne. Alipanda baiskeli kwenda Chidzangoni kila wiki. Alieleza minyoo, akaeleza nzi, akachora picha ukutani kwa makaa. Walimkaribisha, wakampa madafu, na kuku akaangua vifaranga tisa mle chooni.

Siku moja, akisukuma baiskeli kwenye mlima wa mchanga, alimkumbuka Mwalimu na miwani yake ya uzi. Sisi wakubwa wote tulishindwa. Boga akasimama pale pale njiani. Alikuwa ametumia miezi mizima ya akili yake kujaribu kuiua ile hadithi, na kumbe hadithi haikuhitaji kuuawa. Ilikuwa na kilema. Yeye mwenyewe aliikata mkia alasiri ile kwa Abdurahman, na sasa ilikuwa haina budi kurudishiwa mkia wake.

Lakini hakuwa mjinga mara mbili. Alijua neno lolote litakalotoka kwa mtu mwenye shati la kaki litakufa mlangoni. Alilivua shati, akavaa kikoi, akaenda Kombani siku ya soko akamtafuta Kitsao. Alimkuta kati ya mbuzi, anamkagua beberu meno.

Wakaamkiana, wakaulizana hali ya watu wa nyumbani, wakaulizana mvua. Boga akamsifu yule beberu. Kisha akasema, "Kitsao, yule mwanamke wa kwenu Kinango anaendeleaje?"

"Mwanamke yupi?"

"Yule aliyeulizwa habari ya leso akapona."

Kitsao alimwachia beberu. "Akapona? Wa Kinango?"

"Hujasikia?"

"Mimi?" Kitsao alijichunguza, kama aliyeambiwa ana tundu kwenye kanzu. "Nimesikia. Nimesikia kidogo. Hebu wewe ulisikiaje?"

"Nilisikia alinyamaza tu. Alikuwa msalani, na mtu akiwa msalani hasemi, si ndivyo tulivyolelewa? Hata ukitolewa salamu huitiki, unakohoa. Basi akakohoa. Lile jini likauliza mara tatu, yeye akakohoa mara tatu, likashindwa. Kumbe wale waliokufa wote walijibu. Walisahau adabu wakazungumza chooni." Boga akapanda baiskeli. "Lakini wewe ndiwe wa Kinango, utakuwa unaijua vizuri zaidi."

"Naijua," Kitsao alisema, na macho yake yalikuwa tayari yako mbali.

Hapo Boga akanyamaza. Kwa mtu aliyependa kusikilizwa, ilikuwa kazi ngumu kuliko mwamba wa matumbawe. Hakwenda tena Chidzangoni kuhubiri. Mtoto akazaliwa mwezi wa kumi na moja, wa kiume, wakamwita Alfani kwa jina la babake Boga aliyempa sururu. Boga alikwenda kumwona, akamshika, akachungulia nyuma ya nyumba. Kuku alikuwa bado yuko. Mwezi wa kwanza kuku alikuwapo. Mwezi wa pili Boga aliota mvua mara mbili, akaamka akisikiliza paa.

Katika mwezi wa mlisho, zimebaki wiki mbili mfungo uingie na mawingu yameanza kukaa juu ya bahari, alikwenda tena. Alipokuwa bado anaegemeza baiskeli kwenye mkorosho, Bi Dama alimtokea akiwa na kopo mkononi, amelowa miguu.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, mkwe. Karibu. Na nina ugomvi nawe."

"Ugomvi gani?"

"Wewe ulikwenda mpaka Bama, umevaa shati la serikali miaka sita, na hukujua hata dawa ya yule jini? Watu wa Kinango wanaijua, watu wasio na hata maji ya kuogea. Ni kunyamaza tu. Unakohoa. Ni adabu ile ile tuliyofunzwa na mama zetu." Alimtazama kwa huruma kidogo. "Ungetuambia hilo tangu mwanzo, badala ya habari zako za nzi."

"Sikujua, mkwe," Boga alisema.

"Basi sasa jua."

Mahindi yalikuwa yamehamishwa darini. Kuku alikuwa amefungiwa kizimba chake. Boga alitembea kitongoji kizima, choo baada ya choo, na vyote saba vilikuwa na kopo mlangoni na njia iliyokanyagwa. Kutoka kimoja alisikia mtu akikohoa kwa nguvu zote, kikohozi cha mtu asiye na kifua. Ile njia nyembamba ya kichakani ilikuwa imeanza kuota nyasi. Alikaa kwenye gogo, akapangusa macho kwa ncha ya kikoi, kisha akaenda kumtafuta binti yake.

Mbeyu alikuwa uani, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mtoto amelala mgongoni. Hapakuwa na mtu mwingine. Boga aliketi mbele yake, chini, kwenye vumbi, mahali ambapo baba hakai.

"Mwanangu," alisema, "ile hadithi ilikuwa yangu."

"Najua, baba." Hakuacha kukuna.

"Nilisema siku ya matanga, hawakuniamini."

"Nilikusikia. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Sinia la kashata nililileta mimi. Leso uliipeperusha mbele ya uso wangu. Niliogopa siku tatu, nikamwambia mama, mama akasema babako anataka kuonwa mwanamume na wenzake, nenda msalani ukalale. Nikaenda." Alikung'uta kifuu. "Nilipoolewa huku, wiki ya kwanza tu, mama mkwe akanitahadharisha na choo. Akanieleza mpaka doa. Nilikaribia kucheka."

"Mbona hukusema?"

Mbuzi ikanyamaza. Mbeyu alikiweka kifuu chini.

"Mwanzo niliona haya. Bibi harusi mgeni, niwaambie jini wenu ni babangu? Nikawa nakwenda chooni peke yangu, wakasema nina moyo wa kichawi, halafu wakajaza mahindi. Lakini choo cha mtu mmoja kinafaa nini, baba, na maji ni ya wote? Na Chiku alipokufa, ndipo nilipofunga mdomo kabisa. Ningesema, Suleiman angejua ni nani aliyemuua mtoto wake. Ningekuwa sina mtoto, na sina baba."

Boga aliinamisha kichwa. Machozi yalianguka vumbini kati ya miguu yake, naye hakuyaficha.

"Nisamehe," alisema mwisho.

"Siku nyingine naamka nimekusamehe," Mbeyu alisema. "Siku nyingine naamka sijakusamehe. Leo bado sijajua." Aliinuka, mtoto akajigeuza mgongoni bila kuamka. Alichota maji mtungini, akajaza kopo, akampa. "Inuka, baba. Nenda msalani ukanawe uso, kabla Suleiman hajarudi akakuona."

Boga alilichukua kopo. Aliingia kwa mguu wa kushoto, akaomba dua yake, akafunga mlango wa makuti. Chini, pembeni mwa saruji iliyosuguliwa, herufi aliyoichora kwa msumari ilikuwa bado inasomeka. Alinawa uso mara moja, akanawa mara ya pili, machozi yakaja tena, akachutama pale akingoja yaishe.

Akasikia hatua za mtu zikija polepole nyuma ya makuti, zikasimama.

"Leso nyekundu, baba," sauti ya Mbeyu ikauliza kwa upole, "au leso ya buluu?"

Boga alitega sikio ajue kama kuna kicheko ndani yake. Hakuweza kujua. Alisubiri kidogo, kopo mkononi, kisha akakohoa.

"Hewala," Mbeyu alisema, akaondoka, na baada ya kitambo mbuzi ikaanza tena kukuna.